Isale la Nguchiro

Nilipokuwa na miaka kumi familia yetu iligundua kwamba sina marafiki, ikaamua kunitibu kwa kunipeleka mahali ambako jirani wa karibu mwenye umri wangu alikuwa mbuzi.

Tulikuwa tunaishi Soweto, Moshi mjini. Mama alikuwa amepata nafasi ya kusoma Dodoma mwaka mzima, na baba alikuwa kazini Dar es Salaam, akirudi kila Desemba kama afanyavyo mwanamume yeyote wa Rombo anayetaka kuheshimiwa. Ndugu waliketi sebuleni kwetu, wakanywa soda zetu, wakakubaliana kwamba hewa ya mlimani itanifungua mdomo. Nilikuwa mtoto wa maneno machache, na katika ukoo wetu jambo hilo huwekwa fungu moja na magonjwa. Hakuna aliyeniuliza maoni yangu. Walijua nisingejibu, na hilo nalo wakalichukua kuwa ushahidi.

Wiki iliyofuata nilikuwa kwa bibi mzaa baba, juu kidogo ya Mkuu. Nyumba yake ilikuwa katikati ya kihamba, lile shamba la nyumbani ambalo kwa Wachagga ni shamba, ni ua, ni makaburi na ni sababu ya kugombana, vyote mahali pamoja. Migomba ilisongamana mpaka mwanga wa mchana ukawa unafika chini ukiwa wa kijani. Mfereji ulipita nyuma ya jiko ukinong'ona. Mlima wenyewe ulikuwa hapo juu, umejifunika mawingu kama mgonjwa asiyetaka wageni. Nilisikia kuna watu wanaopanda ndege kutoka mbali kuja kuutazama. Sisi tulianika shuka mbele yake.

Shuleni watoto walikuwepo, siwezi kusema hawakuwepo. Nilipokaribia walihamia kwenye Kichagga, wakacheka, kisha mmoja wao akajitolea kunitafsiria, na tafsiri yake siku zote ilikuwa kwamba wamesema hali ya hewa ni nzuri.

Nyumbani hali ilikuwa bora zaidi, kwa sababu nyumbani hakuna aliyesema kabisa. Bibi alikuwa amemnunia baba mdogo. Baba mdogo ni kitinda mimba wa bibi, ndiye aliyebaki kurithi kihamba, na nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka ya mama yake. Miezi minne kabla sijafika, bibi alikwenda msibani Marangu kwa siku tatu. Baba mdogo, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametoka kwenye semina ya kilimo na kofia ya bure, alizitumia siku hizo tatu kung'oa safu mbili za kahawa zilizopandwa na marehemu babu, ili apande maparachichi. Aliyaita dhahabu ya kijani. Bibi aliporudi alisimama kwenye mashimo, akayatazama, akaingia jikoni. Tangu siku hiyo alipotaka kumwambia mwanawe jambo alimwambia jogoo, kwa sauti kubwa.

Kwa hiyo nilipofika walifurahi sana. Walikuwa wamepata mjumbe. Mimi, mtoto niliyeletwa kwa ugonjwa wa kutosema, nikawa nabeba maneno ya watu wazima wawili asubuhi na jioni. Niende nikamwambie yule mwenye maparachichi kwamba ng'ombe hana majani. Nirudi nikamwambie mama kwamba ng'ombe ameshakula. Ng'ombe mwenyewe alikuwa katikati yetu, akitafuna na kusikiliza.

Hali hiyo iliisha siku moja alasiri, mbele ya macho yangu, kwa jani.

Baba mdogo alikuja akiwa amevaa shati la kanisani ingawa haikuwa Jumapili. Mkononi alikuwa na jani refu, jembamba, la kijani kibichi, lililofungwa fundo katikati. Ni jani la isale, ule mmea uliopandwa kwenye mipaka ya kila kihamba na juu ya makaburi. Alipiga magoti mlangoni kwa mama yake, akaliinua kwa mikono miwili, akataja kosa lake kwa sauti. Hapo ndipo penye ugumu: anayeleta isale hutaja kosa, halisemi kwa mafumbo. Bibi alijifanya hakusikia vizuri. Baba mdogo akarudia, safu mbili, kahawa ya baba, bila ruhusa. Bibi akamwomba ataje na siku. Akaitaja. Ndipo bibi akalipokea jani.

Jioni hiyo tulikula kiburu cha ndizi na maharage kutoka chungu kimoja, na bibi alinieleza mambo mawili nikikwangua ukoko. La kwanza, isale likiletwa halikataliwi. Anayelikataa anajitafutia balaa yeye na uzao wake. La pili, likishapokelewa, kosa lile halitajwi tena na mtu yeyote, milele. Nilishangaa sana. Kule Soweto tulikuwa na neno "samahani" tu, ambalo hakuna anayelazimika kulipokea. Hapa mtu amefukua jasho la marehemu, na jani moja limemrudisha mezani. Niliona kwamba huo ni mmea wa kuwa nao karibu.

Lakini amani ya watu wazima ilinipokonya kazi. Walipoanza kusemezana wenyewe hawakunihitaji tena, nikabaki na alasiri zangu zote. Ndipo nikampata nguchiro, au tuseme yeye alinipata akashindwa kuniepuka.

Nilikuwa nimekaa juu ya ukuta wa mawe upande wa chini wa kihamba, pale mfereji unapopindia kwa jirani. Alitoka kwenye tundu kati ya mawe, mwembamba, rangi ya udongo uliolowa, mkia mrefu wenye ncha nyeusi kama brashi iliyochovywa kwenye wino. Alikuwa na mjusi mdomoni. Alinitazama, akaniona si kitu, akaendelea kula. Nilivutiwa mno. Watu wote walionitazama mwaka huo walinitazama kwa huruma au kwa udadisi. Huyu alinitazama kama jiwe lililoongezeka ukutani.

Nilirudi kesho yake, na kesho kutwa. Alikuja peke yake siku zote, maana aina ile haitembei na wenziwe, na hilo pia lilinipendeza. Nilisoma vitabu vya shule karibu naye. Nilimsimulia habari za Soweto kwa sauti ya chini: geti letu, muuza maji, jinsi mama anavyoimba akipiga pasi. Ajabu ni kwamba hewa ya mlimani ilikuwa imenifungua mdomo kweli, kama kikao kilivyotabiri, isipokuwa hakuna aliyekuwepo kuthibitisha.

Ningependa kuandika kwamba alinipenda. Waandishi wanaosimulia urafiki wa namna hii huwa na bahati, wanyama wao huwalalia mapajani, huwaokoa kwenye moto, hulia wakiachwa. Wangu alikuwa na kawaida ya kunipa mgongo. Baada ya mwezi alifikia kukaa umbali wa urefu wa jembe, na mimi nikalihesabu hilo kuwa mapenzi. Lakini nilitaka asogee zaidi. Nilitaka aje kwangu, kwa ajili yangu, walau mara moja. Na kwa kuwa hapakuwa na kitu chochote cha kuvutia ndani yangu, nilikwenda kwenye banda la kuku nikachukua yai.

Sijaona hata leo kitu kizuri kama kile. Alilinusa, akalizungusha kwa miguu ya mbele kama fundi anayepima bomba. Kisha akaligeuzia jiwe mgongo, akalirusha yai kwa nyuma, katikati ya miguu yake, likagonga jiwe likapasuka. Akala, akalamba jiwe, akalamba hata kivuli cha jiwe. Akaja mpaka kwenye viatu vyangu akatazama juu. Nilidhani ananitazama mimi. Alikuwa akitazama mikono.

Yai la pili lilikuwa la kuhakikisha. Baada ya hapo sikuhitaji sababu.

Bibi alikuwa akijua kuku wake kama mwalimu ajuavyo darasa, na ndani ya wiki moja alitangaza kwamba kuna mwizi. Baba mdogo hakusita. Alisema ni mbwa wa jirani. Jirani yetu wa chini alikuwa mzee mkimya mwenye mbwa wa manjano aliyekonda, mbwa ambaye katika maisha yake hakuwahi kubweka mpaka amalize. Alianza, akafikiri, akaacha. Kati ya baba mdogo na mzee huyu kulikuwa na habari ya zamani ya mpaka, hatua moja huku au hatua moja kule, kwa hiyo ushahidi dhidi ya mbwa ulikuwa mkubwa. Baba mdogo alishuka akamweleza mzee. Mzee hakubishana. Alimfunga mbwa wake kwa kamba kwenye mgomba, na kutoka pale ukutani nilimwona mbwa huyo kila siku, wiki tatu nzima, akiwa amelaza kidevu chini, huku mimi nikimhudumia rafiki yangu kwa mayai.

Sikusema. Mimi ni mtoto wa maneno machache, nilijiambia, na kwa mara ya kwanza ugonjwa wangu ukanifaa.

Mtu akikuletea chakula kila siku kutoka nyumba ileile, mwishowe unaifahamu nyumba. Sijui kwa nini sikuliona hilo. Siku moja bibi alikuwa akipepeta maharage uani, tetea mwekundu akipita na vifaranga wake, na kitu cha rangi ya udongo kikakatiza chini ya migomba, ncha nyeusi nyuma. Alichukua vifaranga wanne kwa zamu, kwa utulivu, kama mtu aliyeagiza. Tetea alipiga kelele mpaka jioni. Bibi hakupiga kelele. Alisema tu kwamba miguu yake ingekuwa ya zamani, angekimbia.

Nilidhani angalau mbwa atafunguliwa. Baba mdogo alieleza kwamba hapana: mbwa anachukua mayai na nguchiro anachukua vifaranga, wamegawana kazi. Kisha akatengeneza mtego. Alichukua kreti la mbao la nyanya, akalizungushia waya wa kuku, akaweka kijilango kinachoanguka, na ndani akaweka yai. Lilikuwa pigo kwangu kwa namna mbili. Nilijua atakamatwa, kwa sababu nilikuwa nimemfundisha mwenyewe kwamba yai ni salamu.

Alikamatwa Jumapili alfajiri. Tulimkuta kabla ya kwenda Misa, amejikunja kwenye pembe, amelivunja yai na kulila. Hakuwa amepoteza hamu ya chakula. Baba mdogo alikuwa ameshavaa shati jeupe na hakutaka kulichafua. Alisokota mlango kwa waya mnene na plaizi, mara nne, akaziweka plaizi mfukoni, akasema atammaliza tukirudi, kwa jembe, kwa sababu mtu haendi kupokea Komunyo akiwa ametoka kuua. Tulikuwa familia yenye maadili.

Kanisani nilikaa kati ya bibi na shangazi mmoja mwenye kitenge cha kwaya. Somo lilikuwa refu. Mahubiri yalipoanza nilijua tuna nafasi, kwa sababu padri wetu hakuwahi kuhubiri chini ya nusu saa, na siku hiyo alikuwa amekuja na karatasi. Nilimnong'oneza shangazi kuhusu choo. Nilitoka, nikavua viatu, nikakimbia.

Nilijaribu waya kwa vidole, kwa meno, kwa kijiko, kwa ufunguo wa sanduku langu. Nguchiro alinitazama akifanya ile sauti ya kukwaruza kooni, na nilipoingiza kidole ndani ya wavu ili kumtuliza, aliking'ata. Sikumlaumu. Kreti nilishindwa kulivunja, lilikuwa la mti mgumu. Baba mdogo kazi zake nyingi aliziharibu, ila hii moja aliifanya vizuri. Nilikaa chini nikinyonya damu. Kengele ya kanisani ililia kwa mbali, ile ya mageuzo ya mkate na divai. Ilikuwa imebaki Komunyo, matangazo, na matangazo juu ya matangazo.

Ndipo nikakumbuka jani.

Nilishuka mbio mpaka ukutani, penye mstari wa masale. Sasa, mtoto yeyote wa Rombo anayejua kutembea anajua kwamba isale huchumwa jani. Unashika jani moja, unavuta pembeni, unafunga fundo. Mimi nilikuwa nimeliona mkononi mwa baba mdogo tu, nikiwa jikoni, kwa mbali, na kosa langu lilionekana kubwa kuliko la kwake: yeye alikuwa na safu mbili za kahawa, mimi nilikuwa na mayai, vifaranga wanne, mbwa na nguchiro. Nikaona jani halitatosha. Nikashika shina dogo la pembeni kabisa, mvua za vuli zilikuwa zimelainisha udongo, nikavuta kwa nguvu zangu zote, likatoka lote. Nililifunga mafundo kadiri nilivyoweza. Nikapanda juu ya kreti, nikakaa, isale mapajani, nguchiro akihangaika chini yangu.

Waliporudi walikuwa watatu. Bibi mbele, baba mdogo nyuma yake, na yule mzee jirani ambaye njia ya kwake ilipita uani kwetu. Baba mdogo alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya shati. Nilishuka, nikapiga magoti mbele ya bibi, nikasema shikamoo kwa sababu sikujua huanzaje.

"Marahaba," alisema bibi. Alilitazama isale muda mrefu. "Nani amekosa?"

"Nguchiro, bibi."

"Mbona hasemi mwenyewe?"

"Hajui Kichagga."

"Basi aseme Kiswahili," alisema baba mdogo, "si rafiki wa watu wa mjini."

Mzee jirani aligeuka pembeni akakohoa. Bibi hakucheka. Alisema anayeleta isale hulitaja kosa, na kama nimemletea mwenzangu, basi nimtajie. Nikataja vifaranga wanne. Bibi akaniuliza kuhusu mayai. Nikasema na mayai pia. Akauliza, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko ukali, nguchiro wa porini amejulia wapi njia ya banda lake.

Hapo nilikuwa na jibu jepesi. Wanyama hunusa. Angeniamini, au angejifanya. Nguchiro alikwaruza ubao mara moja.

"Mimi ndiye niliyemzoesha," nilisema. "Nilimpa yai kwa mkono wangu. Halafu nikampa mengine, kila siku. Nilikuwa nataka aje kwangu. Mbwa wa babu huyu hakuiba hata moja, na nilikuwa najua."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote niliyokuwa nimewaambia tangu nifike. Kikao cha Soweto kingepiga makofi.

Mzee jirani alivua kofia yake, akaitazama ndani. "Wiki tatu," alisema, bila kumwambia mtu. Kisha akaangalia mikononi mwangu. "Na hilo isale, mama, mbona lina mizizi?"

Tukalitazama sote. Lilikuwa na mizizi ya rangi ya chungwa, imeshika bonge la udongo, na nyungunyungu mmoja aliyekuwa akijaribu kurudi nyumbani. Baba mdogo alipoelewa nimelitoa wapi, uso wake ulipitia mambo mengi. Nilikuwa nimeng'oa alama ya mpaka, ile ya pembeni, ile yenye ugomvi, siku ya Bwana, mbele ya mwenye upande wa pili. Watu wa kwetu wameacha kuzikana kwa mambo madogo kuliko hayo.

"Mama, huu ni mchezo," alisema baba mdogo. "Isale ni la watu. Halipelekwi kwa ajili ya kinyama. Mtoto hajui hata kulichuma."

"Ulipong'oa kahawa ya baba yako," alisema bibi, "nilikuuliza kama wewe ni mtu?"

Jogoo aliwika nyuma ya jiko, akaacha. Bibi aliweka mkono mdomoni. Sijawahi kumwona akifanya hivyo tena. Jambo lile lilikuwa limesamehewa. Halikupaswa kutajwa na mtu yeyote, milele, na yeye ndiye aliyenifundisha. Amelitaja mbele ya jirani. Kwa mila hiyohiyo, sasa yeye ndiye aliyekosa, na baba mdogo alikuwa na haki ya kuondoka uani pale akiwa na hoja ya miaka ishirini. Nilimwona akiipima. Alikuwa amesimama na mikono yake iliyokunjwa, mwanamume mzima, macho yamelowa kidogo kama ya mtoto aliyepigwa mbele ya wageni.

Akatia mkono mfukoni, akatoa plaizi.

"Litakuwa limeshapokelewa, mama?" aliuliza.

"Limepokelewa," alisema bibi, na akaninyang'anya isale na mizizi yake, udongo ukamwagikia kwenye kitenge chake cha kanisani.

Baba mdogo alipiga magoti kwenye matope na suruali yake ya Jumapili, akasokotoa waya mara nne. Nguchiro hakungoja mlango ufike juu. Alipita katikati ya miguu ya mzee, akazunguka mgomba, akapotea upande wa mfereji bila kugeuka nyuma. Najua ni desturi ageuke, anitazame kwa macho ya shukrani. Hakugeuka.

Yaliyobaki yalifanyika kwa utaratibu. Tulishuka sote mpakani. Shimo lilikuwa wazi, na baba mdogo na yule mzee walisimama kila mmoja upande wake, wakitazama shimo kwa makini ya watu wanaoona kwamba hatua moja ingeweza kusogea leo na asijue mtu. Bibi aliniambia niingie kati yao nilirudishe pale lilipotoka. Nilifukia kwa mikono. Sina hakika hata leo kama nililirudisha palepale. Kidole kilikuwa kinauma na nilikuwa nalia. Walikubaliana wote wawili kwamba ndipo, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla.

Kisha bibi akasema nichume jani. "Jani moja tu, mtoto wa Soweto." Nililichuma, akanionyesha fundo, nikampelekea mzee kwa ajili ya mbwa wake. Alilipokea kwa mikono miwili kana kwamba nilikuwa mtu mzima. Alikwenda akafungua kamba mbele yangu. Mbwa alinyanyuka, akaanza kubweka, akafikiri, akaacha.

Sharti la bibi lilikuwa moja. Nisimpe kitu tena. Wala yai, wala ganda la yai, wala kipande cha ndizi. Nguchiro aliyesahau mkono wa mtu ataishi. Anayeukumbuka atarudi bandani, na mara ya pili hakutakuwa na jani la kumwombea, hata nikileta msitu mzima na mizizi yake. Kama ni rafiki yangu kweli, alisema, nimwache anisahau.

Alirudi Jumanne. Nilikuwa ukutani na kitabu. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye viatu vyangu, kama siku za mayai, akasimama kwa miguu ya nyuma. Nilifungua viganja nikamwonyesha. Alivinusa. Pua yake ilikuwa ya baridi, na ile ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kunigusa bila kuning'ata. Alingoja. Alirudi Jumatano, akangoja kidogo. Alhamisi alikaa umbali wa urefu wa jembe. Wiki iliyofuata alikuwa akipita tu, ana mjusi mdomoni, na mimi nikawa tena jiwe ukutani. Nilikuwa nimefaulu. Sikumbuki mtihani mwingine niliofaulu nikilia kiasi kile.

Nilirudi Soweto mwaka ulipokwisha. Mama alinikuta nimekonda na nina maneno, ndugu wakasema si unaona, hewa ya mlimani. Sikuwabishia.

Siku hizi napanda Rombo kila Desemba kama watu wengine wote, na zawadi ya sukari na khanga. Bibi anatembea kwa fimbo. Maparachichi ya baba mdogo yamezaa vizuri, na kwenye mashimo yaliyobaki amepanda upya miche michache ya kahawa, bila kutangaza, na bibi huipalilia, bila kutangaza. Isale la pembeni limenipita urefu. Mwaka jana nilikaa chini yake alasiri moja, na nguchiro mmoja akakatiza mbele yangu, mwembamba, ncha nyeusi. Huenda ni wa kizazi cha tano tangu yule wangu. Aliniona si kitu, akaendelea na safari yake.

Kuhusu mayai, vifaranga na ile Jumapili, hakuna aliyewahi kugusia. Isale lilipokelewa, na kwetu hilo huwa limekwisha. Bibi hajalitaja, baba mdogo hajalitaja, mzee alikufa bila kulitaja. Aliyelitaja ni mimi, hapa, tena kwa maandishi. Desemba hii itabidi nishuke mpakani kabla ya kuingia ndani kuamkia, nichume jani. Moja tu.